Jua Mgongoni: Asubuhi Tuliyomtoa Manati Kwenye Maji ya Vuguvugu

Kamera yangu hupiga muhuri wa saa kwenye kila picha, ndiyo maana kisa hiki naweza kukieleza dakika kwa dakika bila kubahatisha. Picha ya kwanza ni ya saa 2:11 asubuhi. Manati jike, mnyama mkubwa wa majini, amelala chini, kifua mchangani, macho kayafumba, na mwanawe kajibana kwapani mwake ananyonya. Picha ya mwisho ni ya saa 2:15. Haina mnyama. Ni tope lililotimka tu, na kwenye kona ya juu kulia kipande cha mkia kinachoondoka. Kati ya picha hizo mbili tulikuwa watu tisa majini. Hakuna aliyemgusa, na bado tulimtoa mama na mtoto mahali pekee palipokuwa pakiwapa joto asubuhi ile.

Nimezirudia picha hizo mara nyingi kutafuta kosa lilianzia wapi. Nilidhani nitalikuta saa 2:14, pale mwenzetu mmoja alipozama. Limeanza mapema zaidi, na limeanza kwangu.

Mahali penyewe ni Crystal River, mji mdogo magharibi mwa jimbo la Florida, Marekani, upande wa Ghuba ya Mexico. Kutoka Tampa ninakoishi ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari. Mbele ya mji kuna Kings Bay, ghuba ndogo inayolishwa na chemchemi zaidi ya 70 zinazobubujika kutoka kwenye miamba ya chokaa. Maji ya chemchemi hizo ni nyuzi 22 za Selsiasi, Januari na Julai ni yale yale. Mtu aliyezoea bahari ya Tanga au Kilifi akiingia mle bila suti ya mpira atatetemeka kabla nusu saa haijaisha. Kwa manati, nyuzi 22 ni moto wa kuota.

Manati huwa na urefu wa mita tatu hivi na uzito wa kilo 400 hadi 550, kwa hiyo ukimtazama unadhani ana shahamu kama nyangumi. Hana. Mafuta yake ni haba, na mwili wake huchoma chakula polepole mno kiasi kwamba hauwezi kujipasha moto wenyewe kwenye maji baridi. Maji yakikaa chini ya nyuzi 20 siku baada ya siku, ngozi yake hutoka mabaka meupe, tumbo linagoma kusaga, anakonda, anakufa. Mwaka 2010 baridi kali iliua mamia ya manati Florida. Kwa sababu hiyo kila msimu wa baridi humiminika kwenye chemchemi, na kwa sababu hiyo mwaka 1983 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Wanyamapori ya Crystal River, iliyoundwa mahsusi kwa ajili yao. Chemchemi maarufu kuliko zote, Three Sisters, iliingia chini ya usimamizi wa hifadhi baada ya ardhi yake kununuliwa mwaka 2010.

Msomaji wa pwani atauliza kama huyu siye nguva wetu. Ni ndugu, wa ukoo mmoja, lakini si yeye. Nguva ana mkia uliogawanyika kama wa pomboo na haishi kwenye maji ya mito yasiyo na chumvi. Manati ana mkia wa duara kama kafi, na huingia mtoni na kutoka baharini apendavyo. Jamaa zao wa karibu nchi kavu ni tembo na pimbi. Kwenye picha yangu ya saa 2:11 ukoo huo unaonekana waziwazi: ukingoni mwa kikono cha yule mama kuna kucha zilizopangana, na ukizikuza utaapa umetazama mguu wa tembo mdogo.

Sasa asubuhi yenyewe. Baridi ilikuwa imepiga siku mbili mfululizo. Nilikuwa na mpwa wangu wa miaka 12, aliyekuja kutoka Arusha kwa likizo na ambaye tangu afike alikuwa hasemi kingine ila manati. Kabla ya kupanda boti tulionyeshwa video ya maadili: usimfukuze, usimpande, usimlishe, usimguseguse, usimtenge mama na mtoto, usivuke maboya. Tulivaa suti za mpira, miwani na bomba la kupumulia, na kila mmoja akapewa boya refu la sponji la kuegemeza kifua ili aelee bila kupigapiga miguu. Nahodha alishusha kipimajoto kwenye mfereji wa boti. Nyuzi 16.

Hiyo nambari niliisikia nikaiacha ipite. Nilikuwa nafuta lenzi.

Three Sisters ilikuwa imefungwa kwa waogeleaji siku hiyo, kama ambavyo hifadhi hufanya baridi inapozidi na manati wanapojaa mle. Ni uamuzi sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba watu waliokwisha lipia hawarudi nyumbani. Boti zote zilimwagikia kwenye chemchemi ndogo ndogo za ghuba, na yetu ikatia nanga karibu na mojawapo. Sehemu kubwa ya chemchemi ile imezungushiwa kamba na maboya: ndani ya kamba hakuna mtu anayeruhusiwa, na ndani yake walikuwa wamelala manati wengi, mgongo kwa mgongo, kama magunia kwenye ghala. Nje ya kamba, hatua chache tu, maji ya vuguvugu yanaendelea kutambaa chini kabla ya kuchanganyika na yale ya mfereji. Ukinyoosha mkono unasikia mpaka wake, huku joto, huku kama umeshika barafu. Kwenye ncha hiyo ya mwisho ya joto ndipo alipolala yule mama na mwanawe, na wengine wanne nyuma yao kidogo.

Ramani ya kisa ni hii, na ningeomba msomaji aiweke akilini. Mashariki ya mnyama kuna kamba na joto. Magharibi yake kuna mfereji, maji ya nyuzi 16, na boti zinazopita. Jua la asubuhi linatoka mashariki.

Kila aliyefundishwa kupiga picha alianza na somo moja: liweke jua mgongoni. Chini ya maji somo hilo hubana zaidi, kwa sababu maji hula mwanga na rangi, nyekundu ikiwa ya kwanza kwenda, na flashi sikuwa nayo, wala sitaki kummulika mnyama aliyelala. Kwa hiyo nilipomwona yule mama nilifanya nilichozoea. Nilimzunguka taratibu, bila kelele, mbali kiasi cha mita nne, nikasimama mashariki yake. Jua mgongoni, uso wake umeangaza, kila unywele wa mdomoni unahesabika. Nilipiga picha tatu. Ni nzuri. Na nilipokuwa nikizipiga nilikuwa nimeelea katikati ya mama na kamba.

Wengine walinifuata. Sina haki ya kuwalaumu, kwani mwenye kamera kubwa huonekana anajua anachofanya. Lenzi yangu ni pana sana, inaona karibu kila kitu kilicho mbele yake, na picha ya saa 2:12 inaonyesha miguu ya watu sita imening'inia kwenye nusu duara, wote upande wa jua. Hakuna aliyekuwa na haraka, hakuna aliyekuwa mkorofi. Tulikuwa ukuta wa watu wapole.

Saa 2:12 mama aliinuka kupumua. Manati akipumzika huinuka kama boya lililofunguliwa kamba: hasogezi kiungo, mapafu yake yaliyolala sambamba na mgongo yanambeba juu. Pua zikatokeza, vizibo viwili vya nyama vikafunguka, pumzi ikatoka kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo, vizibo vikafungwa, akazama tena. Mwanawe naye akapumua. Ilikuwa kila nilichosafiria.

Chini ya dakika moja na nusu baadaye akapumua tena. Mpwa wangu alikuwa ubavuni mwangu. Alitoa kichwa majini, akavua bomba mdomoni, akasema, "Mjomba, mbona kapumua tena?" Nilimpungia mkono anyamaze. Nilikuwa nimepata uso wake mara ya pili, nikaona ni bahati.

Hapo ndipo kisa kilipokuwa bado kinaokoleka. Manati anayetembea hupumua kila dakika tatu hadi tano. Akilala anaweza kukaa chini hata dakika 20. Mnyama aliyelala anayepumua mara mbili ndani ya dakika moja na nusu hajalala tena, anajaza kifua kwa safari. Picha ya saa 2:13 ina ushahidi mwingine ambao macho yangu yaliuruka: jicho limefunguka, mgongo umeanza kupinda, mkia umeinuka mchangani kiasi cha kiganja, na mtoto amekwisha kuachia chuchu. Mtoto wa miaka 12 aliona. Mimi nilikuwa natazama histogramu, grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera.

Saa 2:14 mwenzetu mmoja, aliyevaa mapezi marefu ya miguuni, alizama kichwa chini ili ampate mama kutoka usawa wa mchanga. Mapezi yakachota tope. Mama akageuka mashariki, kuelekea kambani, mahali ambapo angekuwa salama kwa viboko vitatu vya mkia. Akakuta miguu yetu. Sekunde moja alisimama, mtoto kambana ubavuni, kisha akapinda mwili wote na kwenda magharibi. Kishindo cha mkia wa manati anayekimbia hukisikii kwa masikio, unakisikia kifuani. Wale wanne wa nyuma wakaamka wakamfuata. Chemchemi ikawa maziwa.

Kwenye mfereji boti ilikuwa inapita. Nahodha wetu alisimama juu ya kiti akainua mikono yote miwili, na yule mwenzake, ambaye tayari alikuwa mwendo wa pole, akazima mashine kabisa. Hakuna aliyegongwa. Nasema hivyo kwa shukrani, maana mgongoni mwa yule mama, upande wa kulia, kulikuwa na makovu matatu sambamba, yamepangana kama mkate uliokatwa vipande. Ni kazi ya rafadha, pangaboi la mashine ya boti. Manati wengi wazima wa Florida wana alama za namna hiyo, na watafiti wa pale tangu miaka ya 1970 wamekuwa wakiwatambua mmoja mmoja kwa kupiga picha makovu yao na kuyaweka kwenye kumbukumbu, kama sisi tunavyotambuana kwa sura.

Kwa makovu hayo nilimjua aliporudi. Sote tulikuwa tumeshaitwa botini. Alizunguka mbali, kutoka kaskazini, mtoto ubavuni, akapita chini ya kamba akaingia katikati ya wenzake. Niliangalia saa. Zilikuwa zimepita dakika 35. Dakika 35 kwenye nyuzi 16, na mtoto ambaye alikatishwa kunyonya.

Saa nayo ilichangia. Wakati wa baridi manati hukaa na njaa chemchemini na kutoka kwenda kula, kwa kawaida mchana jua likishapasha maji ya nje kidogo. Kila safari ina gharama, na mnyama mwenyewe ndiye anayejua lini anaweza kuimudu. Sisi tulimtoa asubuhi, saa ya baridi kuliko zote, bila chakula mbele yake. Manati aliyeshiba angevumilia. Lakini chakula chao Florida kimekuwa taabu. Mwaka 2021 walikufa zaidi ya 1,000 katika jimbo zima, wengi kwa njaa upande wa Atlantiki, kwenye wangwa wa Indian River, baada ya maji machafu kuchochea mwani uliozuia mwanga na nyasi bahari zikafa. Hali ilifika mahali ambapo serikali iliruhusu walishwe saladi kwa mikono ya watu, jambo ambalo siku nyingine ni kosa la jinai. Kings Bay yenyewe ilikuwa imefunikwa na mwani wa nyuzi nyuzi, na kwa miaka mingi sasa wapo watu wanaoufyonza kwa mipira na kupanda majani mapya sakafuni, shina kwa shina. Kazi hiyo ni ya kupigiwa magoti.

Botini maneno yaliyosikika sana ni kwamba hakuna aliyemgusa. Yalisemwa kwa nafuu ya kweli, na ninaelewa yanatoka wapi: "usiguse" ndilo neno linalobaki kichwani ukishatazama video. Lakini kanuni za Kings Bay za mwaka 2012 hazikuishia kwenye kugusa. Zinakataza kuwazunguka manati, kuwabana, kuwafukuza, kuwatenga mama na mtoto, na kuzamia juu ya manati aliyelala au anayekula. Tulitenda matatu kati ya hayo ndani ya dakika nne. Sheria ya jimbo ya mwaka 1978 inaweza kumtoza mtu faini hadi dola 500 na kifungo hadi siku 60, na sheria za taifa za kulinda wanyama hao zina adhabu zake juu ya hizo.

Kampuni iliyotupeleka sitaitaja. Mwongozaji alikuwa mmoja kwa watu tisa, na dakika ile alikuwa nyuma ya boti akimrekebishia mtu miwani iliyokuwa inaingiza maji. Kijana mzuri, mwenye macho makali, lakini macho mawili hayatoshi watu tisa. Alituambia tusitoke kwenye kundi. Hakutuambia kundi likae upande gani, na naamini hilo lingepaswa kuwa neno la kwanza kabla mtu hajalowa: joto liko kule, msikae kati yake na mnyama. Ni sentensi moja. Ingetosha.

Baada ya wiki mbili tulirudi, mimi na mpwa, kwa boti ndogo ya watu wanne. Safari hii nilimuuliza nahodha kabla ya kulipa: joto linatokea wapi, manati wanatoka na kuingia kwa njia ipi. Alichora kwa kidole kwenye sitaha iliyolowa. Nikachagua upande wa kusini, nje ya njia zote mbili, ili mnyama akitaka kwenda kambani aende na akitaka mferejini aende. Mapezi niliyaacha botini. Sponji chini ya kifua, mkono mmoja kwenye kamera, mwingine nimeukumbatia, miguu imelala juu ya maji.

Upande huo jua linaingia kwa ubavu. Nilijua picha zitakuwa na giza zaidi, nikapandisha ISO, wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 800 na kasi ya shata nikaiacha 1/160 ya sekunde, kwa kuwa manati aliyetulia hahitaji zaidi. Na hapa mpiga picha yeyote na anisikilize: picha za ubavu ni bora. Jua la mgongoni lilikuwa limemsawazisha yule mama akawa kama jiwe la mtoni. Jua la ubavu lilichora kila mkunjo wa ngozi, ukungu wa kijani wa mwani mgongoni, na zile nywele fupi zilizotawanyika mwili mzima ambazo manati huhisi nazo maji yanavyosogea. Ndizo zilizokuwa zimetuhisi siku ile kabla hajafungua jicho.

Nyumbani nguva hatujabahatika namna hii. Waliobaki wachache karibu na Rufiji, Mafia na Kilwa, na huko Lamu, hawana chemchemi ya kuwakusanya, na mtu wa pwani huenda akamwona mmoja maishani mwake, naye keshakufa kwenye jarife. Mpwa wangu aliniuliza kama Rufiji tunaweza kwenda kuwaangalia hivi. Nilimwambia ukweli, akanyamaza muda mrefu.

Kama saa 3 hivi manati mmoja, kijana bado, asiye na kovu hata moja, alitoka kambani mwenyewe. Sikusogea. Alikuja hadi pua yake ikagusa kuba ya kioo ya kamera, midomo ile minene ikapapasa kioo kama vidole vya kipofu. Picha hiyo haina fokasi, ni ndevu tupu. Kisha akateremka, akalala mchangani chini yetu, akafumba macho. Mpwa alikuwa ameshika saa yake nje ya maji, anahesabu. Dakika moja. Mbili. Kwenye ya nne alininyooshea vidole vinne, uso umelowa, hasemi. Ya tano. Ya sita. Midomo yangu ilikuwa imeanza kufa ganzi, nikamwashiria turudi botini. Tulijisukuma kwa viganja tu, na yule manati alikuwa bado hajainuka kupumua.